Kigoda cha Milansi na Wasikilizaji Wake

Kuna hadithi moja ambayo nusura itenganishe nyumba yetu, na wala haikuwa na jina letu ndani yake. Ni hadithi ya watu walioishi kale sana, kama kweli waliishi, na kila Mfipa wa rika langu aliisikia utotoni. Nataka kueleza jinsi tulivyoipenda, jinsi kila mmoja wetu alivyoielewa kwa namna yake, na gharama iliyotokana na kuelewa huko.

Kwanza niisimulie kama nilivyoisikia mwenyewe mwaka 1966, nikiwa na umri wa miaka tisa hivi, jikoni kwa bibi yangu mzaa baba. Ilikuwa majira ya kipupwe, na baridi ya Ufipa mwezi wa Juni si ya kufanyiwa mchezo. Tuliuzunguka moto, ugali wa ulezi umekwisha kuliwa, na bibi akaanza.

Hapo kale mfalme wa kwanza wa nchi hii aliitwa Ntatakwa, na makao yake yalikuwa Milansi. Alikuwa mtu wa chuma, mhunzi. Siku moja aliamua kwenda kuwinda mbali. Kabla ya kuondoka alimwambia mke wake: watakuja wageni, watakapofika, usiwape kigoda changu. Kisha akaenda zake. Hazikupita siku nyingi, wakatokea wanawake watatu wageni, wenye sura ya ajabu na sauti ya amri. Wakaomba mahali pa kukaa. Mke wa mfalme akashikwa na woga, akatoa kigoda. Mkubwa wao akakikalia. Ntatakwa aliporudi akamkuta mgeni ameketi mahali pake, na aliyekwisha kukaa kwenye kigoda cha ufalme haondolewi. Basi wakapatana: mgeni atawale nchi, na Ntatakwa abaki na Milansi yake na heshima ya mambo ya mila. Ndivyo Watwa walivyoanza kutawala Ufipa. Watwa hawa ni ukoo wa kifalme, msomaji asiwachanganye na Watwa wa misitu ya Kongo.

Hadithi ilipokwisha, baba yangu ndiye aliyeanza kusema. Yeye alikuwa mwanachama wa TANU tangu siku za kudai Uhuru, na kadi yake aliitunza kama cheti cha ndoa. Kwake yeye, wale wanawake watatu walikuwa wakoloni. "Mgeni anaomba kiti," alisema, "kesho anaomba shamba, keshokutwa wewe ndiye mgeni." Mwingereza na Mjerumani, kwa maoni yake, walikuja vivyo hivyo, na machifu waliwapa viti.

Baba mdogo, ambaye alikuwa katekista, alitikisa kichwa. Huku kwetu Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita White Fathers, walianzia Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, na katika miaka iliyofuata mafundisho yao yalienea katika uwanda wote wa Ufipa. Baba mdogo alikua ndani ya mafundisho hayo. Yeye aliona katika hadithi ile bustani ya Edeni. Agizo lilitolewa, moja tu, likavunjwa na mwanamke, na mume akapoteza kila kitu. "Huyo ni Eva," alisema. "Tofauti ni kwamba hapa tunda ni kigoda."

Bibi alikuwa akichokoa moto. Alisema bila kuinua macho: "Ninyi nyote wawili mmelelewa na mimi. Ni nani kati yenu aliyeniona nikimwacha mgeni amesimama mlangoni?"

Hakuna aliyejibu. Kwake yeye mke wa Ntatakwa hakuwa mjinga wala mwasi. Alikuwa mwanamke aliyefanya jambo ambalo kila mwanamke wa Kifipa hufundishwa tangu akiwa binti: mgeni akibisha, mpe mahali pa kukaa kwanza, maswali baadaye. Kosa, kama lipo, lilikuwa la aliyeomba kiti akaificha nia yake.

Nililala usiku ule nikiwa nimechanganyikiwa. Hadithi ilikuwa moja, maneno yalikuwa yale yale, lakini nilikuwa nimesikia hadithi tatu. Nilidhani mmoja tu kati yao alikuwa na haki, na kwamba nikikua nitamjua ni nani.

Nilipokua nilijifunza kwamba ubishi wetu wa jikoni ulikuwa mdogo kando ya ubishi wa zamani zaidi. Ufipa ya kale ilikuwa na pande zenye sababu ya kuisimulia hadithi hii kwa uangalifu. Watu wa Milansi walikuwa na nchi ndogo tu, lakini walikuwa na neno kubwa: sisi ndio wa kwanza. Hadithi iliwapa heshima ambayo jeshi lisingeweza kuwapa. Watwa nao walikuwa na nchi kubwa, ambayo baadaye iligawanyika katika falme mbili, Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile upande wa kusini. Jina la wilaya ya Nkasi linatukumbusha ufalme ule mpaka leo. Kwao hadithi hiyo hiyo ilisema: hatukuiba, tulipewa, kigoda kilitolewa kwa mkono, na makubaliano yakafanywa. Mmoja aliisikia hadithi akajiona mwenye haki ya kuzaliwa, mwingine akajiona mwenye haki ya kupokea. Wote wawili walihitaji yule mwanamke akitoe kigoda. Hakuna upande uliojali kumuuliza kwa nini.

Kuna jambo jingine ambalo mtoto wa siku hizi hawezi kuliona kwa urahisi. Mfalme katika hadithi ni mhunzi, na kwa Wafipa hilo halikuwa pambo. Uwanda wetu ulikuwa nchi ya chuma. Wazee waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo, marefu kuliko mtu, yaliyoitwa malungu, ambayo yalijivutia hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila kuvuviwa mifuo. Mabaki yake yameonekana katika sehemu nyingi za Ufipa. Kazi ile ilikuwa na miiko yake, na wahunzi walikuwa watu wa kuheshimiwa na kuogopwa. Mzee aliyepata kuyeyusha chuma alipoisikia habari ya Ntatakwa hakumwona mfalme aliyeshindwa. Alimwona mtu wa kazi yake, ambaye alinyang'anywa kigoda lakini hakunyang'anywa ujuzi. Nimewahi kumsikia mzee wa namna hiyo akicheka: "Watwa walichukua kiti. Jembe je, walilitoa wapi?"

Katika miaka ya 1962 hadi 1964, na tena mwaka 1966, mwaka ule ule wa ubishi wetu, alikuwapo Ufipa msomi wa Kiingereza aitwaye Roy Willis, akikusanya masimulizi ya Wafipa. Alitoa vitabu kadhaa. Mwaka 1978 kilitoka kitabu chake cha hadithi na sanaa ya maneno ya Wafipa, na mwaka 1981 kikatoka kingine kuhusu jinsi dola ya Ufipa ilivyojengeka, ambamo hadithi ya Milansi inachukua nafasi kubwa. Yeye aliona ndani yake jozi jozi za mambo yanayokabiliana: kichwa na kiuno, juu na chini, mwanamume na mwanamke, mwenyeji na mgeni. Milansi ni kichwa, Watwa ni kiuno, na mwili hauwezi kuishi kwa kimoja tu.

Niliposoma maelezo hayo kwa mara ya kwanza nilihisi wivu kidogo, kama mtu anayemkuta jirani ameketi jikoni kwa mama yake. Baadaye nilitulia. Nilitambua kwamba huyu naye alikuwa msikilizaji aliyeipenda hadithi. Alikuja na elimu yake kama baba alivyokuja na kadi ya TANU na baba mdogo na katekisimu. Tofauti ni kwamba yeye alitumia miaka mingi kusikiliza, na masimulizi ya wengine aliyaandika kabla ya kuandika ya kwake. Hilo ni somo nililochelewa kulishika.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Mwaka 1963 serikali ilikuwa imefuta mamlaka ya machifu, na kwa hiyo kigoda cha hadithi hakikuwa tena ofisi ya mtu yeyote. Mtu angedhani hadithi sasa imepoa na kubaki mchezo wa watoto. Haikuwa hivyo. Mwaka 1974, mwaka ambao mkoa wa Rukwa ulianzishwa, ulikuwa pia mwaka wa watu kuhamia katika vijiji vya ujamaa. Kijiji chetu kilikuwa kimoja kati ya vile vilivyopokea watu kutoka vitongoji vya mbali. Mimi nilikuwa shuleni bweni. Baba na baba mdogo walikuwa wameteremkia bonde la Ziwa Rukwa kununua samaki wakavu, safari ya majuma mawili au matatu. Nyumbani alikuwapo bibi na wajukuu wadogo.

Familia nne zilifika jioni, na vyungu, mbuzi na watoto wenye homa. Bibi akawafungulia ghala walale. Kesho yake akawaonyesha sehemu ya shamba letu, ile ya matuta ya ntumba ambayo nyasi zake zilikuwa zimekwisha kufukiwa tayari kwa kupanda, akawaambia wapande maharage wasije wakafa njaa. Vipimo vilipofika, kila mtu alihesabiwa pale alipokutwa. Baba aliporudi na mizigo yake ya samaki, sehemu nzuri ya shamba ilikuwa ya watu wengine.

Ndipo hadithi ilipoingia nyumbani kwetu kwa mlango wa mbele. Baba alimwambia mama yake mzazi, mbele ya watu: "Umetoa kigoda." Baba mdogo hakusema neno, lakini Jumapili iliyofuata, katika mafundisho yake, alizungumzia Eva. Bibi alikuwa ameketi benchi la pili. Tangu siku hiyo watoto wa jirani wakampa jina, Mke wa Ntatakwa, nami niliporudi likizo nikalicheka jina hilo pamoja nao. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Naliandika hapa kwa sababu sijapata kulisema popote.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, ingawa polepole mno, kwamba fasiri ya hadithi si mchezo. Wale wanaume wawili walikuwa wameiandaa hukumu yao miaka minane kabla ya kosa. Wakati mmoja alipomwona mkoloni na mwingine alipomwona Eva, walikuwa wakijifunza jinsi ya kumtazama mwanamke ambaye siku moja atakutwa peke yake na wageni mlangoni.

Baadaye nikawa mwalimu wa Kiswahili katika shule za sekondari. Huko nilikuta mambo yale yale katika vitabu. Watu waliosoma Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, waliiona nchi ile ya kufikirika kuwa ni Tanganyika yenyewe chini ya mkoloni, ingawa kitabu hakiitaji Tanganyika kama ndiyo nchi hiyo. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, hakuiita wafanyabiashara wa Venisi. Aliiita Mabepari wa Venisi. Neno moja tu juu ya jalada, na tayari msomaji anajua mfasiri amesimama wapi. Hata rais wa nchi alikuwa msomaji kama sisi, aliyekipenda kitabu akakisoma kwa macho ya wakati wake.

Lakini kitabu kilichowagombanisha watu kuliko vyote nilivyoviona ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotolewa mwaka 1971. Kwa muda kilikatazwa mashuleni, jambo ambalo liliwafanya wanafunzi wakitafute kwa bidii. Nakala niliyosoma mimi ilikuwa imevaa jalada la daftari la jiografia, na ilikuwa imepita mikono mingi hata kurasa za mwanzo zilikuwa laini kama kitambaa. Swali letu bwenini lilikuwa moja: nani aliyemuua Rosa? Ameandikwa kuwa alijiua. Hata hivyo wengine walisema Zakaria, baba yake, kwa ukali wake uliomfunga binti hata akakosa kujua dunia. Wengine walisema wanaume waliomchezea. Wengine walisema Rosa mwenyewe, basi, asitafutiwe visingizio. Nilikuja kutambua kwamba ningeweza kukisia malezi ya kila kijana kwa jibu lake tu. Aliyechapwa sana nyumbani alimhukumu Zakaria. Aliyekuwa na dada aliyeharibikiwa alinyamaza.

Pamoja na hayo yote, nilipopewa chaki mkononi nilisahau. Mwaka mmoja katika miaka ya 1980, nikifundisha fasihi simulizi, niliwapa wanafunzi kazi ya kueleza fundisho la hadithi ya kigoda cha Milansi. Katika daftari langu jibu lilikuwa tayari: tusivunje maagizo ya viongozi. Msichana mmoja aliandika tofauti. Alisema mke wa Ntatakwa hakuwa na kosa. Alisema mfalme alijua kwamba wageni watakuja, kwa kuwa alisema mwenyewe kwa kinywa chake. Na aliyejua hivyo akaenda kuwinda, akamwachia mtu mmoja asiye na mkuki kazi ya kulinda nchi nzima, huyo ndiye aliyetoa kigoda.

Nikachukua kalamu ya wino mwekundu nikaandika: "Umepotosha hadithi." Nikampa sifuri.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilirudia hadithi moyoni, neno kwa neno, kwa sauti ya bibi. Lilikuwapo. "Watakuja wageni." Mfalme alijua. Nilikuwa nimesikia maneno hayo tangu utotoni, na wanaume wote wa nyumba yetu walikuwa wameyasikia, na hakuna hata mmoja aliyeyatilia maanani, kwa sababu sisi sote tulikuwa tumesimama upande wa aliyekwenda safari. Msichana yule hakupotosha kitu. Aliisikiliza hadithi kuliko mwalimu wake. Asubuhi nilimwita, nikafuta alama ile, nikampa nane juu ya kumi mbele ya darasa na kueleza sababu. Alipokea daftari lake kwa mikono miwili, akarudi kukaa.

Msomaji anaweza kuuliza: je, basi kila fasiri ni sahihi? Sidhani. Tuchukue jina la mji wetu. Wenyeji husema Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", yaani ukiingia hapa uache nyuma mambo hayo. Lakini ukienda mikoa mingine ukasema umetoka Sumbawanga, watu hukuangalia mara mbili, wengine kwa utani na wengine kwa hofu ya kweli, kana kwamba jina linasema "chukua uchawi". Neno ni lile lile, na limegeuzwa likasema kinyume chake. Fasiri ya namna hiyo haitoki katika neno, inatoka katika hamu ya msemaji ya kuogopa kitu fulani. Na katika nchi ambayo vikongwe wamepata kuuawa kwa kushukiwa tu, hamu hiyo si ya kuchekea.

Kwa hiyo kipimo changu siku hizi ni hiki. Mtu ana haki ya kujiona ndani ya hadithi. Bila hivyo hadithi hufa. Baba alikuwa na haki ya kumwona mkoloni, na baba mdogo ya kumwona Eva, na mzee wa malungu ya kumwona fundi mwenzake. Lakini fasiri iweze kurudi kwenye maneno yenyewe na kusimama mbele yake bila aibu. Na kabla haijatumiwa kumhukumu mtu aliye hai, aulizwe kwanza yule ambaye hadithi haikumpa nafasi ya kusema.

Likizo ile nilikwenda nyumbani. Bibi alikuwa mzee sana, macho yamefifia, lakini bado akiota moto wake mwenyewe. Nilimwomba radhi kwa lile jina nililolicheka mwaka 1974. Akaniambia, kwa utani wa bibi na mjukuu, "Mume wangu, umechelewa, mimi nimekwisha kulizoea." Ndipo nikamsimulia jibu la yule msichana, polepole, bila kuruka kitu.

Alinyamaza kwa muda mrefu, nikadhani amesinzia. Kisha akacheka, cheko la chini lililomtikisa mabega, akajifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Mtoto wa nani huyo?" akauliza. "Mwambie amenitua mzigo."

Halafu, kwa vile alikuwa mtu wa haki, akaongeza: "Lakini naye asimwonee sana Ntatakwa. Nyumbani kulikuwa na watoto, na nyama ilikuwa imekwisha. Mtu mwenye watoto atafanyaje? Lazima aende."

Baba yangu alikuwa ameketi mlangoni, mgongo kwetu, akitengeneza mpini wa jembe. Hakugeuka. Lakini niliona kwamba mikono yake ilikuwa imesimama.